Seiko 5 ya zamani iliyokarabatiwa: namna ya kujua bei yake halali

Seiko 5, saa ya mkononi ya Kijapani, ya miaka ya 1970 ikiletwa mbele yako inang'aa kama imetoka kiwandani jana, kagua kwanza huo mng'ao. Kwenye saa za zamani, kazi inayoonekana kwa macho, kama uso kupakwa rangi upya na bodi kusuguliwa, mara nyingi hushusha thamani. Kinachoipandisha ni kazi isiyoonekana: mashine kufunguliwa yote, kuoshwa na kutiwa mafuta. Wauzaji wengi hutoza zote mbili kama faida. Mfano wetu ni Seiko 5 yenye mashine ya 7009, kwa kuwa zilitengenezwa kwa wingi na huchezewa sana.

Geuza saa usome kifuniko cha nyuma. Utakuta namba kama 7009-876A. Tarakimu nne za mwanzo ni mashine, zinazofuata ni bodi. Namba ya mfululizo iliyo karibu nayo huanza na mwaka, kisha mwezi: 85 ni Mei ya 1978 au 1988. Oktoba huandikwa O, Novemba N, Desemba D. Muongo wenyewe namba haikuambii, kwa hiyo usilipie zaidi kwa sababu muuzaji amechagua ule wa zamani zaidi.

Sasa uso, na hapa usiwe na haraka, maana ndipo pesa nyingi hupotea. Tumia kioo cha kukuzia cha mara 10. Chini kabisa, karibu na namba 6, uso wa asili huwa na maandishi madogo mno yanayoanza na namba ya mashine. Yakianza na 6309 wakati kifuniko kinasema 7009, uso umetoka kwenye saa nyingine. Tarakimu zinazofuata zinaweza kutofautiana na za kifuniko hata kwenye saa ya asili, hizo zisikusumbue. Yasipokuwepo kabisa, au herufi zikiwa nene zenye kingo zilizovuja, uso umepakwa upya. Angalia pia kama vistari vya dakika vinalingana na alama za chuma zilizobandikwa, na kama rangi imejaa pembezoni mwa dirisha la tarehe. Kisha tafuta namba kamili ya kifuniko mtandaoni, linganisha picha nyingi. Rangi ya chungwa au ya zambarau isiyoonekana kwenye saa nyingine yoyote ya namba hiyo ni ubunifu wa karakana. Siku kuandikwa Kiarabu na Kiingereza si kasoro: Seiko walizitengeneza hivyo kwa masoko ya Kiarabu.

Bodi ya asili ina kona kali na mistari ya brashi inayoelekea upande mmoja. Ikisuguliwa kupita kiasi, kona huwa mviringo kama sabuni iliyotumika, na maandishi ya kifuniko hufifia. Chuma kilichokwisha kuondoka hakirudi. Mikwaruzo ya kawaida ni bora kuliko hali hiyo.

Kuhusu mashine, omba kifuniko kifunguliwe mbele yako. Vichwa vya skrubu vilivyochubuliwa, alama za vidole kwenye rota (kile chuma kizito kinachozunguka mkono ukitikisika) au mafuta yaliyotapakaa ni dalili kwamba "sevisi" ilikuwa kumwagia petroli na mafuta bila kufungua chochote. Saa hiyo itatembea wiki chache, kisha uchafu utaganda tena. Fundi mwenye kifaa cha kupimia mwendo akuonyeshe balansi, gurudumu dogo linalopiga huku na huku, inazunguka zaidi ya digrii 220 uso ukiwa juu. Chini ya 200, sevisi haikufanyika au kuna kipande kimechakaa. Springi ya 7009 haijazwi kwa kuzungusha nobu ya pembeni, hujazwa na rota tu. Ivae mchana kutwa, uiweke mezani usiku: ikisimama kabla ya asubuhi, huenda mkono wa kujazia chini ya rota umelika au springi kuu imechoka. Usibadilishe tarehe kwa nobu kati ya saa 3 usiku na saa 9 usiku, utavunja meno ya gurudumu lake.

Bei yenyewe ihesabu hivi. Tafuta bei za saa zilizokwisha kuuzwa, si zinazotangazwa. eBay ina kichujio cha zilizouzwa. Chagua tano za namba ileile, zenye uso wa asili, zinazotembea, ambazo hazijakarabatiwa, uchukue ya katikati. Tuseme ni shilingi 110,000, na fundi wako hutoza sevisi 40,000. Sevisi ikithibitika kwa picha za mashine ikiwa vipande, bei halali ni 150,000, ukiongeza gharama ya kioo na raba kama ni vipya. Uso ukiwa umepakwa upya, sisi hukata nusu ya ile 110,000: 55,000 na 40,000, jumla 95,000. Bodi iliyosuguliwa hadi kona kupotea, toa tena robo ya ile 55,000. Mkanda mpya usio wa Seiko uhesabu kwa bei yake ya dukani tu.

Muuzaji akikataa kufungua kifuniko, hiyo 40,000 usiihesabu.