Somo: Kumchora mnyama aonekane hai kutoka kwenye picha (manyoya huja mwisho)

Wakuu, habari zenu. Wiki haipiti bila mtu kuniuliza pembeni, "Unatumia brashi gani ya manyoya?" Nimejibu mara nyingi mno, na jibu halijawahi kumfaa mtu, kwa sababu tatizo haliko kwenye brashi. Leo nayaweka yote mahali pamoja, kwa wanaochora kidijitali. Mfano wangu ni kichwa cha mbwa, ila utaratibu ni uleule kwa paka, mbuzi au simba.

1. Picha. Tafuta yenye mwanga wa upande mmoja na macho yanayoonekana vizuri. Kama hukuipiga wewe, omba ruhusa kwa aliyeipiga. Jihadhari na picha za simu zilizopigwa karibu sana na uso: pua huvimba, masikio hunywea.

2. Kanvasi. Pikseli 3000 kwa 4000 zinatosha. Ukichapisha kwa nukta 300 kwa inchi, unapata takriban inchi 10 kwa 13.

3. Mistari. Pima upana wa jicho moja, kisha utumie kipimo hicho kwa uso mzima. Geuza kanvasi kushoto kulia mara kwa mara. Makosa ya ulinganifu hujitokeza papo hapo.

4. Mafungu ya mwanga na kivuli. Leya (tabaka la mchoro ndani ya programu) moja, brashi kubwa ngumu, rangi tatu tu: ya kivuli, ya kati, ya mwanga. Finya macho ukitazama picha, maelezo madogo yapotee, yabaki mafungu. Kisha jaza nyeusi kwenye leya ya juu kabisa na uiweke katika hali ya kuchanganya (namna leya inavyoungana na zilizo chini yake) ya "Rangi": kila kitu chini yake kitaonekana kwa weusi na weupe. Kama mbwa wako hasomeki hapo, usiendelee. Rangi nzuri haitamwokoa.

5. Jicho. Watu huchora duara, huweka nukta nyeupe, wakaondoka. Litazame jicho kwa karibu. Ukope wa juu unatupa kivuli juu ya mboni na rangi inayoizunguka, kwa hiyo nusu ya juu ni nzito zaidi. Mng'ao ni taswira ya dirisha au anga, ndiyo maana una umbo na mara nyingi unavuka ukingo wa mboni. Upande unaotazamana na mng'ao, chini yake, rangi ya jicho hupata nuru laini kama chai iliyoshikwa juani. Malizia na ule mstari mwembamba wa umajimaji kwenye ukingo wa kope la chini. Na mboni si moja kwa wote: ya mbwa na simba ni duara, ya paka wa nyumbani husinyaa wima, ya mbuzi imelala.

6. Manyoya. Hapa niliwahi kuharibu kazi nzima. Rafiki yangu alifiwa na mbwa wake, akaniomba nimchoree. Nilianzia utosini, unyoya mmoja mmoja, usiku nne mfululizo. Usiku wa tano nikaipunguza picha nione yote kwa pamoja: kila unyoya ulikuwa safi peke yake, lakini chini yake hakukuwa na fuvu wala shavu. Kichwa kilikuwa bapa. Nilifuta vyote nikaanza upya, huku mwenye mbwa akisubiri. Ndiyo maana nasisitiza hivi.

Fungua leya mpya uchore mishale ya mwelekeo wa manyoya kabla ya kugusa kitu kingine. Usoni mwa mbwa manyoya hutokea puani yakipanda kwenda kwenye paji, yanatawanyika juu ya macho, na shavuni yanarudi nyuma huku yakishuka shingoni. Puani ni mafupi mno, shingoni ni marefu. Mkwaruzo wa brashi lazima ubadilike urefu hivyohivyo. Kisha paka vishungi, yaani manyoya yaliyoshikana, ukianza na giza kuelekea nuru. Unyoya mmojammoja weka sehemu tatu tu: ncha za vishungi, pale mwanga unapokutana na kivuli, na ukingo wa nje wa mwili.

ONYO: usichore manyoya ndani ya kivuli kizito, paache patulie. ONYO: usiikuze picha ikajaa pua tupu halafu ukakaa huko saa nzima. ONYO: ncha zikilingana zote kama meno ya kitana, futa.

7. Masharubu. Mwisho kabisa, kwenye leya yake. Mkupuo mmoja, mnene kwenye shina, mwembamba nchani.

Maswali karibuni.

kalamu_kavu: Mkuu, somo zuri. Brashi ya manyoya ni ipi?

*Jibu:* Aya ya kwanza, ndugu. Ya duara, ngumu, inayonenepa na kukonda kufuata mkandamizo wa kalamu.

nukta7: Shikamoo mwalimu. Kwa nini nikinyonya rangi (kuichukua kwa kifaa cha programu) moja kwa moja kutoka kwenye picha kazi inatoka chafu?

*Jibu:* Marahaba, swali zuri sana. Picha iliyobanwa (faili lake limepunguzwa ukubwa) ina chembechembe: pikseli mbili zilizopakana zinaweza kutofautiana sana, na wewe unanyonya moja. Weka kifaa kisome wastani wa eneo pana. Bora zaidi, kisia rangi kwanza, ipake, halafu ndipo unyonye ulinganishe. Jaribu kwa mbwa mweusi aliye nje: mgongoni utakuta rangi ya buluu kutoka angani, tumboni joto la ardhi. Weusi mtupu ni kidogo sana.

mpita_njia: Yote haya ya nini? Mimi naweka picha chini napaka juu yake, dakika 20 kazi imeisha.

*Jibu:* Kufuatisha mistari sikukatazi, nami nimewahi. Hatua ya 4 hadi ya 6 hazihusu mistari. Zisome.

mkia_mrefu: Pundamilia je? Milia yangu inaonekana kama imebandikwa.

*Jibu:* Paka mwili wote bila milia, wenye mwanga na kivuli kamili. Milia iwe kwenye leya ya juu, hali ya kuchanganya ya "Kuzidisha" (inayotia giza kilicho chini), na ipinde kufuata tumbo na shingo. Panapopigwa na jua, mlia mweusi hupauka kuwa kijivu. Ukiacha weusi mmoja mwili mzima, itaendelea kuonekana imebandikwa.

tausi_bluu: Nyongeza kwa wanaovaa miwani: badala ya kufinya macho, ivue. Mafungu yanajitokeza yenyewe.

*Jibu:* Hii naichukua, dada. Asiye na miwani aipunguze picha iwe kama stempu.

nukta7: Nimejaribu usiku kucha. Nimeweka paka wangu hapo chini, nisaidie.

*Jibu:* Umefanya kazi, na mashavu yana uzito. Kitu kimoja: mwanga wako unatoka kulia, lakini mng'ao wa jicho la kushoto uko kushoto. Uhamishe, kisha utume tena.