Koloni za iPS zimekubali? Pima methili kwanza kabla hujazigeuza

Wengi wakishaona koloni za iPS (seli za kawaida zilizorudishwa kuwa seli shina) zimekaa vizuri kwenye hadubini, na kingamwili ya OCT4 (protini ya seli shina) imewaka, wanakimbilia kuzigeuza ziwe seli za retina au misuli ya moyo. Subiri kwanza. Ile kingamwili haijui kama OCT4 inatoka kwenye jeni ya seli yenyewe au kwenye kile ulichokiingiza na kirusi. Jeni 4 za mwanasayansi Shinya Yamanaka, zile zinazogeuza seli kuwa iPS (panya 2006, binadamu 2007), hazibadilishi herufi za DNA, zinachofanya ni kusababisha alama zilizobandikwa juu yake zipangwe upya, hasa methili (kikundi kidogo cha kemikali) kwenye sitosini, yani herufi C. Kwenye faibroblasti (seli za tishu unganishi) za ngozi promota (swichi) za OCT4 na NANOG, jeni nyingine ya seli shina, zimejaa methili, yani zimepigwa kufuli, kwenye iPS iliyokamilika ziko wazi.

Hatua ya 1: Toa DNA ya iPS zako, ya faibroblasti za mtu huyohuyo, na andaa DNA ya kulinganishia iliyojazwa methili kwa enzaimu ya M.SssI. Kwenye kila sampuli ongeza kidogo DNA ya kirusi lambda isiyo na methili kabisa, umuhimu wake utauona mbele.

Hatua ya 2: Bisalfaiti, kemikali inayotenganisha C zenye methili na zisizo nayo. Nanogramu 500 zinatosha. Sitosini isiyo na methili inageuka yurasili (kwenye PCR itasomeka T), yenye methili inabaki kama ilivyo, basi. Ila lazima nyuzi mbili za DNA ziachane kabisa, usipunguze muda wa joto ulioandikwa kwenye boksi la vitendanishi eti unawahi daladala. Bufa yenye NaOH nayo usiiache ikae kupita kiasi, DNA hapo imeshakatikakatika tayari.

Hatua ya 3: PCR, yani kunakili kipande cha DNA mara nyingi. Praima (vipande vifupi vya kuanzishia) ziwe ndefu, herufi 26 hadi 30, zisipite juu ya CpG (C inayofuatwa na G, ndipo methili hukaa zaidi), na kipande kisizidi herufi 300 hivi. Tumia enzaimu ya Taq ya hot start (inayoanza kazi ikipata joto tu), enzaimu ya Pfu ya kawaida ikikutana na yurasili inakwama na utabaki unalaumu praima bure.

Hatua ya 4: Weka vipande kwenye plazimidi (DNA ndogo ya duara), ingiza kwenye E. koli, chagua koloni kama 10 kwa kila sampuli, peleka zikasomwe. Kila CpG chora duara, C ikibaki jaza wino, ikiwa T acha wazi. Faibroblasti zitakupa safu nyeusi, iPS nzuri karibu zote nyeupe, na ukiona mistari nusu nyeusi nusu nyeupe ujue una mchanganyiko au seli zilizoishia njiani, hizo usizibembeleze.

Sasa mtego. Miongozo mingi inasema kila C isiyo kwenye CpG lazima iwe T, isipokuwa hivyo bisalfaiti haikufanya kazi. Kwa faibroblasti sawa, ila seli shina za binadamu zina methili hata kwenye CpA kiasili! Ndo maana tuliweka lambda: soma hiyo, ikiwa imegeuka asilimia 99 kwenda juu, C zilizobaki kwenye iPS ni methili ya kweli (au hidroksimethili, bisalfaiti haiwezi kuzitofautisha).

Hatua ya 5: Rudia kwenye H19, jeni ambayo alama zake hutegemea kama nakala imetoka kwa baba au mama. Hapa usitafute weupe, unataka nusu kwa nusu, maana nakala ya baba ina methili na ya mama haina. Ikitoka nyeusi tupu au nyeupe tupu, hiyo laini haifai tiba hata kama NANOG inapendeza.

Na jamani, hiki kipimo hakioni mutesheni. Kobe, Japani, timu ya Masayo Takahashi walipandikiza kwa mara ya kwanza seli za retina zilizotokana na iPS mwaka 2014, mgonjwa wa pili akasimamishwa baada ya mabadiliko ya jeni kuonekana kwenye seli zake. Kwa hiyo fanya na karyotaipu (kukagua kromosomu) pia, na H19 irudie seli zikishapita pasaji nyingi (kuhamishiwa sahani mpya mara nyingi), alama zinahama zikikaa sana kwenye sahani.