Kabla ya kuomba nyaraka za siri kwa wasimamizi wa mabenki Marekani

Kama una kesi na unataka nyaraka hizo ziwe ushahidi, jiulize kwanza ni za nani. Ripoti ya ukaguzi iliyofungiwa kabatini mwa benki si mali ya benki. Kama ni benki ya kitaifa, yaani yenye leseni ya serikali ya shirikisho, ripoti ni ya OCC, ofisi iliyo chini ya Wizara ya Fedha. Benki nyingine nyingi ziko chini ya Federal Reserve (benki kuu ya Marekani) au FDIC (shirika la bima ya amana). Ndiyo maana hata ukiipelekea benki samansi ya mahakama, itakujibu kwamba haina ruhusa ya kuitoa. Haikukwepi. Ofisa atakayekupa chini ya meza anaweza kujikuta na kesi ya jinai. Kwa hiyo barua yako iende kwa msimamizi mwenyewe.

Usitegemee sheria ya uhuru wa taarifa ya 1966. Msamaha wake wa 8, yaani aina ya 8 ya taarifa ambazo serikali hailazimiki kuzitoa, unafunika ripoti za ukaguzi wa taasisi za fedha, na mahakama zimeutafsiri kwa upana. Lakini pitia kwanza yaliyo wazi: taarifa za hesabu ambazo benki huwasilisha kila robo mwaka, na amri rasmi za kinidhamu zinazotangazwa. Kazi hii inachosha, ila ndiyo itakayoibeba barua yako.

Nasema hivyo kwa sababu OCC, kwa mfano, inakutaka uonyeshe kwamba unachoomba kinahusika na shauri lako. Kwamba huwezi kupata ushahidi wa kukufaa kwingine kokote. Na kwamba haja yako inazidi faida ya umma ya kutunza siri, pamoja na usumbufu wa kuzitafuta nyaraka zenyewe. Hoja ya pili ndiyo inayoangusha wengi. Kuandika tu kwamba umekosa hakutoshi: taja ulikotafuta, uliyemuuliza na ulichojibiwa. Na anayeomba “nyaraka zote kuhusu benki fulani” amejinyima mwenyewe. Taja aina ya waraka na tarehe zake.

Ambatisha nakala ya hati ya madai, namba ya kesi, jina la mahakama na mawakili wa pande zote. Andaa pia rasimu ya amri ya mahakama ya kulinda siri, kwa sababu hata ukikubaliwa hutaruhusiwa kusambaza nyaraka hizo utakavyo. Ukitaka mkaguzi aje kutoa ushahidi, eleza kwa nini karatasi hazitoshi.

Jambo moja dogo ambalo mimi nisingelisahau: kinga ya ukaguzi wa benki, yaani haki ya msimamizi kukataa kutoa siri zake mahakamani, hulinda zaidi maoni na mapendekezo ya wakaguzi kuliko mambo ya hakika matupu. Tenga maombi hayo mawili, ili la maoni likikataliwa lisilizamishe na la mambo ya hakika. Barua itumwe mapema, si wiki ya mwisho ya kubadilishana ushahidi. Wakikataa, utahitaji muda wa kwenda mahakama ya shirikisho kupinga uamuzi huo.