Jinsi ya kufungua na kufremu upya chapa ya zamani ya Kapteni Speke

John Hanning Speke, ofisa wa jeshi la Bengal la Kampuni ya East India, alifika Ziwa Nyanza (Victoria) karibu na Mwanza mwaka 1858. Sura yake ilichapwa sana baada ya kurudi Uingereza mwaka 1863. Chapa hizo zikifika mezani kwangu, mara nyingi picha yenyewe bado nzima. Kinachoiharibu ni kile kilichobanwa mgongoni mwake.

Hatua ya 1: Jua umeshika nini

Chukua lenzi ya kukuza mara 10, uangalie shavu na vifungo vya koti. Nukta za rangi nne zilizojipanga kwa viduara ni nakala ya kisasa, ifremu upendavyo. Nukta nyeusi zilizo kwenye mistari sawasawa ni uchapaji ulioenea kuanzia miaka ya 1880, Speke akiwa ameshafariki tangu 1864. Mistari inayonenepa na kukonda, wino umeinuka kidogo ukiupapasa kwa macho (si kwa kidole!), hiyo imetoka kwenye bamba la chuma au shaba lililochongwa. Bamba huacha pia mbonyeo kuzunguka picha, kama kingo hazijakatwa.

Magazeti ya picha, kama Illustrated London News lililoanza 1842, yalichapa kwa vipande vya mti mgumu vilivyochongwa. Hapo geuza karatasi: ukikuta habari nyuma, una ukurasa wa gazeti.

Soma na maandishi ya chini. Kwa kawaida kushoto ni mchoraji au mpiga picha, kulia ni mchongaji (utaona “sculp.”), katikati mchapishaji. Sheria ya Uingereza ya 1735 ilitaka jina la mwenye haki na tarehe viwe kwenye bamba, kwa hiyo mstari huo mdogo ndio cheti cha kuzaliwa cha picha. Jina la Sidi Mubarak Bombay, aliyesafiri na Speke safari zote mbili za Nyanza, usitegemee kulikuta hapo.

Hatua ya 2: Fungua

Laza fremu kifudifudi juu ya taulo. Kama kioo kimepasuka, kwanza kibandike selotepu kwa nje. Piga picha lebo za nyuma, halafu ng'oa misumari kwa koleo, mmoja mmoja. Michirizi ya kahawia kwenye karatasi kwa kawaida hufuata nyufa za mbao za mgongoni: ni asidi ya mbao. Karatasi ikiwa imegandana na kioo, simama. Usivute, usiloweshe, mpelekee mhifadhi wa karatasi.

Hatua ya 3: Safisha kidogo

Brashi laini, kutoka katikati kwenda nje. Basi. Jiki na ndimu ambazo watu hushauriana hung'arisha leo na kuozesha nyuzi kesho. Maandishi ya penseli ya nyuma yaache.

Hatua ya 4: Itundike, usiibandike

Hapa ndipo kazi ilipo. Pika wanga wa ngano uwe gundi nzito, uache upoe. Chana (usikate) vipande viwili vya karatasi ya Kijapani (nyembamba lakini imara), upake gundi kidogo, uvishike kwenye ukingo wa juu tu, kwa nyuma. Weka uzito hadi vikauke. Ukingo wa chini lazima uwe huru, kwa sababu karatasi hutanuka na kusinyaa na hewa. Ukiibana pande zote nne itajikunja. Kishikizo kiwe dhaifu kuliko chapa, ili siku fremu ikianguka kichanike chenyewe. Selotepu na gundi ya mbao ni marufuku.

Hatua ya 5: Funga

Nyuma weka kadibodi ya pamba isiyo na asidi, mbele nyingine yenye dirisha linaloacha maandishi yote yaonekane. Usipunguze kingo za chapa ili iingie kwenye fremu ya dukani. Nunua fremu kubwa zaidi. Kioo kizuie miale ya urujuanimno (UV) na kisiguse karatasi. Hadibodi ije mwisho kabisa, nje ya kadibodi ya pamba.

Hatua ya 6: Ukutani

Makumbusho huweka karatasi kwenye mwanga hafifu, wa luksi (kipimo cha mwanga) 50 hivi, kwa hiyo epuka ukuta unaopigwa na jua. Ukiwa pwani, bandika vipande vya kizibo kwenye pembe za nyuma ili hewa ipite. Unyevu ukikaa juu ya asilimia 65, kuvu huanza. Kila masika yakiisha, ishushe ukague mgongo.