Kabla ya kuvuka, hakikisha dereva amekuona
Kosa ambalo waenda kwa miguu wengi hulifanya bila kujua ni kudhani kwamba, kwa kuwa wao wanaliona gari, basi dereva naye anawaona. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa husonga karibu mita 14 katika sekunde 1 tu, muda ambao dereva anaweza kuumaliza akishtuka na kuhamisha mguu, kabla breki hazijaanza kushika. Kwa hiyo, hata kwenye kivuko chenye milia, subiri gari lisimame kabisa, mtazame dereva usoni, ndipo uingie barabarani.

Barabara ikiwa na njia mbili zinazoelekea upande mmoja, usikimbilie kuvuka kwa sababu tu gari la kwanza limesimama na dereva wake anakupungia mkono upite. Ukifika mwisho wa boneti yake, simama na uchungulie, kwani anayekuja pembeni huenda hajui kwa nini mwenzake amesimama. Ukishuka kwenye basi, ngoja liondoke kwanza. Nalisisitiza hili hasa kwa wanaotembea na watoto wadogo, ambao kimo chao huwaficha kabisa nyuma ya magari.

Pasipo na njia ya miguu, tembea pembeni ukielekeana na magari yanayokuja. Usiku vaa nguo nyeupe au, bora zaidi, funga utepe unaoakisi mwanga kwenye kifundo cha mguu, kwa sababu mng'ao unaopanda na kushuka kwa kila hatua humtambulisha dereva upesi kwamba mbele yake kuna mtu.