Baada ya kihusishi weka -ing: Kiingereza cha kazi ya mlimani

Mwaka wangu wa kwanza wa kuongoza wageni Kilimanjaro, mama mmoja kutoka Kanada aliniandikia akiuliza kama huo mlima nimeuzoea. Nikamjibu: "I used to climb Kilimanjaro." Nilitaka kumwambia nimezoea kuupanda. Yeye alisoma kwamba zamani nilikuwa naupanda na siku hizi nimeacha, akatafuta mtu mwingine. Nilipaswa kuandika "I am used to climbing Kilimanjaro." Kwa kukosa "am" na hiyo -ing, safari ya siku saba ikanipita.

Kila masika, wageni wanapopungua, nakaa jioni na vijana wa Moshi wanaobeba mizigo na wanaotaka kuwa waongozaji. Somo hili ndilo naanza nalo. Wengi walisoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha kidato cha kwanza wakakuta karibu kila somo ni Kiingereza. Maneno wanayo mengi. Kinachowakwamisha ni pale neno dogo kama before, after, without, by au for, yaani kihusishi, linapokutana na kitenzi.

Anza na kile ambacho ulimi wako unakijua tayari. Tunasema "baada ya kula", "kabla ya kulala", "bila kupumzika", "kwa kutembea polepole". Hakuna anayesema "baada ya nakula". Kihusishi kinataka jina mbele yake, nasi tunakipa kitenzi-jina, kile chenye ku-. Kiingereza nacho kinataka jina hapo hapo, ila alama yake haikai mwanzoni mwa neno kama ku- yetu, inakaa mwishoni: after eating, before sleeping, without resting, by walking slowly.

Kosa linatoka wapi? Shuleni tulikariri kwamba kula ni "to eat", basi. Ndiyo maana kijana anasema "after to eat". Lakini "to eat" ni ile kula ya "nataka kula". Kula ya "baada ya kula" ni "eating". Ku- yetu moja inafanya kazi mbili, na Kiingereza kimezigawa kwa maneno mawili. Ukishalijua hilo, kila unapoona ku- imetanguliwa na "baada ya", "kabla ya", "bila", au "kwa" ya njia na ya shukrani, weka -ing:

"Sign the book after arriving at camp."
"You help your body by climbing high and sleeping low."
"Thank you for waiting."

Kukanusha hakusumbui. Kuto- yetu inakuwa "not", nayo inakaa kabla ya kitenzi: asante kwa kutomwacha nyuma, "thank you for not leaving him behind". Kutendwa ni hivyo hivyo: bila kuulizwa, "without being asked".

Kuna mtego mmoja wa Kiswahili chetu wenyewe. Sisi husema "kabla hujaondoka kambi ya Barafu, jaza chupa". Hiyo "huja-" ni kanushi, na nimewasikia wengi wakiihamisha mzima mzima: "before you haven't left". Mgeni anabaki anakutazama. Kiingereza hakitaki ukanusho hapo. Sema "before leaving Barafu, fill your bottle", au "before you leave Barafu".

Sasa jambo ambalo mimi nalishikilia kuliko yote, kwa sababu linahusu afya ya mtu. Jioni, mgeni akimaliza kula, tunampima oksijeni kwa kile kifaa cha kubana kidoleni. Kwa Kiswahili unasema "baada ya kula nitakupima", na kila mtu anaelewa anayekula ni mgeni. Ukisema "after eating, I will check you", Kiingereza kinamfanya mwenye -ing awe yule yule anayefuata, yaani "I". Maana yake wewe ndiye utakayekula kwanza! Wazungu nao huteleza hapa, ila wewe uko juu na mtu anayeumwa kichwa na asiye na nguvu ya kufikiria sana. Watendaji wakiwa wawili, achana na -ing, mtaje mtu: "after you eat, I will check you". Mtendaji akiwa mmoja, -ing inatosha: "after eating, you should rest".

"For" ina ugumu wake. Vijana wanatafsiri "nimekuja kwa ajili ya kukusaidia" wanapata "I came for helping you". Si sawa. Mtu akieleza kusudi la tendo lake, Kiingereza kinatumia "to": "I came to help you". "For" yenye -ing inafaa kwenye shukrani, kwenye kuomba radhi, "sorry for being late", na kwenye matumizi ya kifaa. Hapo kwenye kifaa Kiswahili kinakupa ishara nzuri sana: tazama mwisho wa kitenzi. Sufuria ya kuchemshia maji, kisu cha kukatia nyama, fimbo za kutembelea. Hiyo -ia au -ea inayosema kifaa kinatumika kufanyia nini ndiyo "for" yenyewe: "a pot for boiling water", "a knife for cutting meat", "poles for walking". Nilipoligundua hili nilikuwa nimekaa kwenye hema la jiko namwangalia mpishi akipanga vyombo, nikaanza kuvitaja kimoja kimoja kwa sauti.

Yapo maneno ambayo Kiswahili hakikusaidii, kwa kuwa sisi hatuna kihusishi hapo. Anaogopa kuanguka: "she is afraid of falling". Amechoka kusubiri: "he is tired of waiting". Anajua sana kupika: "he is good at cooking". Anapenda kujifunza: "interested in learning". Haya yakariri na kihusishi chake, kama neno moja. Sentensi ya "afraid of falling" utaihitaji kwenye ukuta wa Barranco, ule mwamba wa kupanda kwa mikono na miguu, nakuhakikishia.

Mwisho ni "to", iliyonikosesha kazi. Ziko mbili. Moja ni ya "want to go". Nyingine ni kihusishi kamili, nayo inataka -ing. Mara nyingi utazitofautisha kwa kuweka jina mahali pa kitenzi. "I want to the trip": haisimami, kwa hiyo ni "I want to go". "I look forward to the trip": inasimama vizuri, kwa hiyo ni "I look forward to meeting you", kamwe si "to meet you". "I am used to the cold": inasimama, kwa hiyo "I am used to sleeping in a tent". Ile "I used to" isiyo na "am" wala "is" ni ya mambo yaliyopita: "I used to carry bags", zamani nilikuwa nabeba mizigo. Nyingine ya kukariri ni "about to": "we are about to leave", ndiyo kwanza tunataka kuondoka. Hapo -ing haiingii.

Fanya zoezi hili leo. Andika maagizo kumi unayotoa kazini kila siku, kwa Kiswahili kwanza. Pigia mstari kila ku-. Tazama neno lililoitangulia, amua kama ni "to" au -ing, kisha yaseme kwa Kiingereza kwa sauti ukiwa unatembea, maana mlimani utayasema ukiwa unatembea. Vijana wangu huyasema wakipanda daladala kurudi nyumbani, na siwakatazi.

Barua ninayowaandikia wageni siku hizi ina sentensi tatu tu za mwanzo: "Thank you for choosing me. I am used to climbing this mountain, and I am good at walking slowly. I look forward to meeting you at Machame Gate."