Somo: salio la pochi ya kripto linatoka wapi, na muamala unapita njia gani

Wakuu, habari za Kigoma. Somo hili ni la anayeanza kabisa, hasa mfanyabiashara wa Kibirizi au Ujiji ambaye mteja wake wa ng'ambo ya ziwa ameomba amlipe kwa kripto, yaani sarafu za kidijitali kama Bitcoin.

Kwanza elewa hili, maana mengine yote yanatoka hapa: ndani ya simu yako hamna sarafu. Kilichomo ni ufunguo wa siri. Sarafu zenyewe ni maandishi kwenye daftari la pamoja ambalo nakala zake ziko kwenye maelfu ya kompyuta duniani. La Bitcoin linaandikwa tangu Januari 2009. Programu ya pochi inasoma daftari hilo, inajumlisha kila kiasi ambacho ufunguo wako unaweza kukifungua, halafu inakuonyesha jumla. Hiyo jumla ndiyo salio.

Hatua ya 1: Weka pochi, uandike maneno ya siri

Pochi itakupa maneno 12 au 24 kutoka orodha maalumu ya maneno 2,048. Ufunguo wako wa siri unatokana na maneno hayo. Yaandike kwa kalamu, kwa mpangilio uleule, kwenye karatasi mbili utakazozitunza sehemu mbili tofauti. Usiyapige picha, kwa sababu picha za simu hupanda zenyewe kwenye akaunti ya intaneti. Kabla hujaingiza hata senti, futa programu, uirejeshe kwa maneno hayo, uone kama anwani ya kwanza ya kupokelea (mfululizo wa herufi na tarakimu, mfano wa namba ya akaunti) inarudi ileile. Wengi wanairuka hatua hii, na ndiyo pekee inayokuhakikishia kwamba uliandika sawasawa.

Hatua ya 2: Pokea

Bonyeza "pokea", nakili anwani, mtumie mlipaji. Za Bitcoin huanza na bc1, 1 au 3. Pochi hutoa anwani mpya kila mara, lakini za zamani bado ni zako na bado zinapokea. Bitcoin 1 ina satoshi 100,000,000, na hapa tutahesabu kwa satoshi.

Hatua ya 3: Tuma, na uelewe chenji

Hapa ndipo watu wanapopotea, kwa hiyo twende polepole. Tuseme umepokea mara tatu: 50,000, 30,000 na 20,000. Salio linasoma 100,000, ila kwenye daftari hivyo ni vipande vitatu, kama noti tatu. Kipande hakikatwi, kinatumika chote na chenji inarudi.

Unataka kutuma 60,000. Pochi inachukua kipande cha 50,000 na cha 20,000, jumla 70,000. Muamala wa vipande viwili vinavyoingia na anwani mbili zinazopokea, zote za aina inayoanza na bc1q, una ukubwa wa karibu vibaiti 209 (kibaiti ni kipimo cha ukubwa wa data ya muamala, kwa Kiingereza vbyte). Bei ya ada ikiwa satoshi 5 kwa kila kibaiti, ada ni 1,045. Mpokeaji anapata 60,000, chenji ni 8,955. Salio jipya: 30,000 ambazo hazikuguswa, jumlisha 8,955, sawa na 38,955.

Chenji inarudi kwenye anwani mpya iliyo yako, siyo ile ya mwanzo. Ukifungua muamala huo kwenye mempool.space, tovuti ya kusomea daftari la Bitcoin, utaona 8,955 zimekwenda kwenye anwani usiyoitambua. Hujaibiwa.

Hatua ya 4: Subiri uthibitisho

Ukituma, muamala unakaa foleni hadi mchimbaji (mwenye kompyuta zinazoshindana kuongeza kurasa kwenye daftari) auingize kwenye bloku, yaani ukurasa mpya wa daftari. Bloku hutoka kwa wastani wa dakika 10, lakini wastani tu. Inaweza kutoka baada ya dakika 2 au 40. Bloku yenye muamala wako ni uthibitisho wa kwanza, kila inayofuata inaongeza mmoja. Kwa mzigo wa hela nyingi subiri 6, yaani karibu saa nzima.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Mwanga: Mkuu, mbona nimetuma hela kidogo tu nikakatwa ada kubwa?

Jibu: Ada haifuati kiasi unachotuma, inafuata ukubwa wa muamala, na ukubwa unaongezwa na idadi ya vipande. Kila kipande cha ziada ni karibu vibaiti 68. Mtu aliyepokea satoshi 2,000 mara 20 anaona salio la 40,000. Akizihamisha zote kwenda anwani moja, muamala una vibaiti 1,402 hivi. Kwa bei ya 5 analipa 7,010. Kwa bei ya 20 analipa 28,040, na kilichobaki ni 11,960. Foleni inapokuwa fupi na bei imeshuka, jitumie vyote kwenye anwani yako mwenyewe viwe kipande kimoja.

Mwanachama wa Ujiji: Mteja amenitumia picha ya skrini inayosema "imetumwa". Niachie mzigo?

Jibu: Hapana, ndugu yangu. Picha hutengenezwa. Dai namba ya muamala. Ya Bitcoin ina herufi na tarakimu 64. Itafute mwenyewe kwenye mempool.space, uangalie mambo matatu: anwani ni yako, kiasi ni sahihi, na umethibitishwa. Usiothibitishwa, aliyetuma bado anaweza kuubadilisha kwa mwingine wenye ada kubwa zaidi, hela zikarudi kwake. Kama ni USDT (sarafu ya kripto inayofuata thamani ya dola) kwenye Tron, mtandao mwingine wenye daftari lake, tumia tovuti ya Tronscan, na ulinganishe anwani ya mkataba wa sarafu, yaani ya programu inayoiendesha sarafu hiyo, na ile iliyotangazwa na Tether yenyewe, kampuni inayotoa USDT. Mtu yeyote anaweza kutengeneza sarafu ya bure akaipa jina "USDT".

Mwanachama wa Kasulu: Nina USDT 40 kwenye Tron lakini inagoma kutuma. Salio lipo!

Jibu: Huna TRX, sarafu ya mtandao wa Tron wenyewe. Kwenye Tron ada hukatwa kwa TRX, na kwenye Ethereum, mtandao mwingine unaobeba USDT, kwa sarafu yake ETH, hata kama unachotuma ni USDT. Ingiza TRX kidogo kwenye anwani hiyohiyo inayoanza na T, kisha jaribu tena. Usikubali mgeni wa Telegram "akusaidie" kwa kuomba maneno yako 12. Akishayapata, pochi ni yake.

Mwanachama wa Uvinza: Nimerejesha pochi kwenye simu mpya, salio sifuri. Zimepotea?

Jibu: Tulia kwanza. Chukua anwani yako ya zamani uitazame kwenye daftari. Kama kiasi kipo, tatizo ni pochi kutokuiona. Huenda haijamaliza kusoma daftari kwa sababu ya mtandao dhaifu. Huenda programu mpya inatafuta anwani za bc1 wakati zako zilianza na 3. Badilisha aina kwenye mipangilio. Na kama zamani uliongeza neno la siri la ziada juu ya yale 12, bila hilo unafunguliwa pochi nyingine kabisa, tupu.

Mwanachama wa Kibirizi: Nimekosea anwani. Nimpigie nani anirudishie, kama tunavyofanya kwa M-Pesa?

Jibu: Hakuna huduma kwa wateja hapa. Herufi moja ikikosewa, pochi kwa kawaida hukataa kutuma, kwa sababu anwani ina hesabu ya ukaguzi ndani yake. Hatari ni kubandika anwani kamili ya mtu mwingine. Kama muamala haujathibitishwa na pochi yako inaruhusu, ubadilishe haraka kwa wenye ada kubwa zaidi unaokwenda kwako. Ukishathibitishwa, ni aliyepokea tu anayeweza kurudisha. Siku nyingine linganisha anwani mwanzo, katikati na mwisho, na utangulize kiasi kidogo cha majaribio.

Mwanachama wa Ujiji: Nikiwa ziwani simu imezima chaji, hela inaingia?

Jibu: Inaingia. Inaandikwa kwenye daftari, simu haihusiki. Ukiwasha na kupata mtandao, pochi itasoma na salio litabadilika.